Kituo cha Alama Tisini na Mbili

Neno lile Kahambu alilisikia bombani asubuhi ya Jumanne, na tangu hapo halikumtoka: kwamba kwenye bariere ya wenye bunduki pale darajani vijana hawavuliwi tena mashati kutafutwa makovu ya risasi kama alama ya mpiganaji. Wanaitwa kwa majina.

"Mutu anafika tu," alisema Annonciata, muuza chumvi, ndoo yake ikifurika bila yeye kuona. "Wanamwambia: wewe ndiyo Dusabimana mwana wa fulani, risasi ya paja, unaenda kutibiwa Walikale. Hajafungua hata kinywa! Iko kama vile wanangojea mugeni wa arusi."

"Nani aliona?"

"Bibi ya Evode. Alikuwa nyuma ya bwana yake wakati walimuita. Evode hajarudi. Dusabimana hajarudi. Mimi nasema tu vile nilisikia, Mama Trésor. Usiniweke ndani."

Kahambu alijitwisha ndoo, akapanda kilima. Mtoto wake wa kwanza, Trésor, mwenye miaka ishirini, alikuwa ameondoka jana kwenda kituo cha afya cha Mpofi kutolewa kipande cha risasi begani. Risasi ilimkuta katika shamba la maharagwe, jembe mkononi, hajui nani anampiga nani. Alikwenda kwa miguu, taratibu, kwa sababu bega halikuvumilia pikipiki. Mto ule una daraja moja tu. Kwa mwendo wake angefika hapo kesho, kabla ya jua kuwa utosini.

Siku ile ile kituo chao cha Kahirwe kilikuwa na mgeni. Papa Barthélemy, mkaguzi kutoka ofisi ya zone ya afya, alikuwa amekuja na fomu ya maswali ishirini na tano, kila swali alama nne. Zone ilitaka kujua kama kituo kiko tayari kupeana habari za wagonjwa na vituo vingine kwa njia ya sheria, na kwa ruhusa ya mgonjwa mwenyewe. Fomu iliagiza kiti kimoja kiwe cha mwakilishi wa wagonjwa. Kamati ya kituo ilimchagua Kahambu, maana alimaliza darasa la sita na haogopi kuuliza.

Alifika amevaa kitenge safi. Hakumwambia mtu neno la bombani.

"Rejista inakaa wapi?" Barthélemy aliuliza.

"Ndani ya kabati, Papa. Na kabati iko na kofuli." Marcellin, muuguzi mkuu, alifungua akaonyesha. Alikuwa mtu wa koti jeupe lililopigwa pasi hata wakati wa vita. Ni yeye pia aliyekuwa parrain wa Trésor: alimshika kichwa siku ya ubatizo.

"Funguo ngapi?"

"Mbili. Moja yangu, moja ya Emérita wa mapokezi."

Barthélemy akaweka alama. Kahambu akatazama mlango. Nje, Emérita alikuwa akipanga foleni ya wamama wenye watoto. Dada yake Emérita ameolewa na mmoja wa wale wanaume wa darajani, na hilo kila mtu wa Kahirwe alilijua.

"Mgonjwa akihamishwa kituo kingine, habari zake zinaenda aje?"

"Kwa karatasi ya uhamisho. Ndani ya bahasha, inafungwa kwa gundi. Anaibeba yeye mwenyewe, inafunguliwa kule tu."

"Na ruhusa yake?"

Marcellin alitoa bunda la karatasi za ruhusa, kila moja na alama ya kidole gumba au sahihi. Barthélemy akatikisa kichwa kwa furaha. Kahambu akanyoosha mkono, akafunua moja moja mpaka akakuta sahihi aliyoifahamu. Ilikuwa yake. Jumapili jioni Marcellin alimwambia atie mahali pa Trésor, maana mkono wa kijana ulikuwa umefungwa. "Ni juu ya Mpofi wamutayarishie kitanda," alisema. Naye alitia.

"Papa Barthélemy, hii iko Kifaransa. Nisomee hapa."

Mkaguzi alivaa miwani. "Inasema: naruhusu kituo kitoe habari zangu kwa kila mwenye kuzihitaji, kwa njia yoyote."

"Kila mwenye kuzihitaji?"

"Njo vile imeandikwa."

"Hata mwenye bunduki?"

Marcellin alicheka. "Mama Trésor, usituogopeshe mugeni. Ni maneno ya kiofisi tu."

"Sahihi iko," Barthélemy alisema. "Swali la kumi na nne linauliza kama sahihi iko."

"Linauliza kama mutu alielewa? Mimi sikuelewa. Na mimi nimesoma kidogo. Hawa wa vidole gumba je?"

Mkaguzi alitazama fomu yake, akaigeuza, akairudisha. Swali hilo halikuwemo. Akaweka alama nne.

Kahambu hakubishana. Aliomba rejista, kama mwakilishi wa wagonjwa, ahesabu tu. Tangu mwezi wa kwanza watu kumi na mmoja walikuwa wameletwa na risasi. Alipitisha kidole kwenye majina. Wanane walifungwa vidonda hapa hapa na kurudi mashambani, na baadhi yao walivuka daraja lile kila siku ya soko kwenda Kashuga na kurudi. Hakuna aliyewagusa. Watatu walihamishwa: Dusabimana, Evode, Trésor.

Alihesabu mara ya pili. Mwenye kutoa majina hakuwa na rejista. Angekuwa nayo, wangekamatwa kumi na mmoja. Alikuwa na uhamisho tu.

*

Mkaguzi na Marcellin walipokwenda kula ugali, Kahambu alimvuta Emérita nyuma ya stoo ya chanjo.

"Dada, bahasha za uhamisho, nani anafungaka?"

"Mimi napaka gundi. Juu ya nini?"

"Shemeji yako wa darajani anakuulizaka habari zetu?"

Emérita aliweka mikono kiunoni. "Aa! Nilikuwa nangojea hiyo. Mwezi muzima munanitazama kama mbuzi aliyekula mbegu. Sema tu, Mama Trésor: ni wewe Emérita unauza bavijana."

"Ni wewe?"

"Ingia."

Alimwingiza mapokezi. Kadi za wagonjwa zilikuwa zimepangwa katika vikapu, kila fungu limefungwa kwa uzi: mwekundu, mweupe, mweusi.

"Nipe kadi ya Evode," Kahambu alisema.

Emérita alichukua fungu lote la uzi mweusi akamtupia kifuani. "Chagua wewe. Mwekundu ni wamama wa mimba, mweupe watoto, mweusi risasi. Kusoma mimi sijui. Miaka tisa niko hapa na Marcellin anajua, ananifichia. Sasa nitawapa nini, nyuzi?"

Kahambu aliinama, akaokota kadi zilizoanguka.

"Unisamehe."

"Nitakusamehe kesho. Leo bado nina hasira." Emérita alivuta droo. "Tena utazame hii. Bahasha ya Dusabimana. Aliisahau, iko hapa tangu siku alienda. Gundi haijaguswa. Na bibi ya Evode anasema walimuita bwana yake hata hajafungua mufuko."

Kahambu aliipima bahasha mkononi. Basi si karatasi. Mmoja hakuwa nayo, mwingine hakuombwa aitoe. Habari ilikuwa imefika darajani kabla ya watu wenyewe, na ilifika bila miguu.

"Emérita, kitanda kule Mpofi kinatayarishwa aje? Antena ya simu si ilianguka tangu Noeli?"

"Kwa foni ya redio, dukani kwa Papa Henri. Marcellin anaendaka kila uhamisho."

*

Duka la Henri lilikuwa juu ya kilima, lenye sabuni, mafuta, malapa, na nyuma ya kaunta ile redio ya kuongea iitwayo foni, betri mbili za gari chini yake na waya uliofungwa kwenye mti wa mkalitusi. Henri alikuwa mtu wa Butembo kama Kahambu mwenyewe. Walisalimiana kwa Kinande, wakaulizana mvua ya nyumbani.

"Papa Henri, mutu akiongea hapa, nani anasikia?"

"Kila mwenye foni aliye kwenye mstari. Masisi, Walikale, Butembo. Wafanya biashara, maparokia, jeshi, na wale wengine wa bariere. Iko kama sokoni, Mama. Huwezi kunong'oneza sokoni."

"Na wewe unaandikaka?"

"Kila neno. Wateja wanagombanaka juu ya ujumbe, daftari inaamua."

"Nionyeshe ya mwezi huu."

Alisita. Lakini alikuwa amekwisha kumwona mwanamke huyu akishinda saa nzima pale dukani mwaka jana, watu walipokimbia, akingojea kusikia jina la mama yake. Wengi walifanya hivyo. Ndiyo sababu ilikuwa desturi kwenye foni kumtaja mtu kwa ukamilifu, jina lake na la mzazi wake na anakokwenda, ili wa kwake popote walipo wasikie kwamba yu hai. Hakuna aliyewahi kuiona desturi hiyo kuwa mbaya.

Alisukuma daftari.

Tarehe tisa, saa mbili asubuhi, Marcellin wa Kahirwe: *Dusabimana, mwana wa mzee Sebahire, risasi paja la kushoto, anakwenda Walikale kwa njia ya daraja.*

Tarehe kumi na nne: Evode. Mwana wa nani, risasi wapi, njia ipi.

Tarehe kumi na nane, jana: *Trésor, mwana wa Kahambu, risasi bega la kuume, anakwenda Mpofi kwa miguu, atavuka daraja Jumatano.*

Kahambu aliweka kidole kwenye neno Jumatano. Halafu akarudi nyuma ukurasa mmoja, kama afanyavyo mtu anayetafuta mwanzo wa uzi.

Tarehe mbili, Marcellin huyo huyo: *Mgonjwa mmoja, malaria, anakwenda Walikale. Terminé, mwisho.*

"Huyu wa malaria ni nani? Hana jina."

"Merdi, mudogo wake. Nilimuuliza jina, akasema malaria haina haja ya jina."

Kahambu alifunga daftari. Tarehe moja jioni, watu wanne walipita mbele ya nyumba yake wamembeba Merdi kwenye kipoyi, na Marcellin akatoka mbio kumwomba kitambaa. Alimpa kitenge chake cha maua ya njano. Ndicho kilichofunga paja la Merdi lililopigwa risasi, nacho kilirudi chekundu; alikifua mara tatu na alama haikutoka.

Kumbe Marcellin alijua. Si baada ya Evode, wala si baada ya Dusabimana. Tarehe mbili, kabla hata mtu mmoja hajaitwa, alikuwa anajua nani anasikiliza. Ndugu yake alimfichia jina na kidonda. Wana wa wenzake aliwasoma mpaka na siku ya kuvuka.

"Foni inafunguliwa tena saa ngapi?"

"Saa nane."

*

Alishuka mbio. Emérita alikuwa anafagia.

"Dada, ile hasira uko nayo, iweke pembeni mpaka jioni. Unaweza kufika darajani kabla ya kesho mchana?"

Alimweleza kwa maneno machache. Emérita aliegemeza fagio ukutani.

"Kwa pikipiki mpaka kwa Wabaptisti, halafu miguu. Nitamukuta kwenye njia, yeye anatembea polepole. Nimwambie nini?"

"Bahasha aitupe mutoni. Jina lake si Trésor tena. Achukue la babu yake."

"Na darajani?"

"Darajani njo shida."

"Darajani haiko shida." Emérita alikuwa tayari amefunga kitambaa kichwani. "Pale mimi ni shemeji. Shemeji haulizwi. Nitamutwisha furushi la majani ya sombe kwenye bega lile lingine, nitasema ni mutoto wa ndugu yetu anayenibebea. Mulinicheka mwezi muzima juu ya ndoa ile. Sasa itatumika. Lakini, Mama Trésor, wale wana jina lake. Hawatamuona akifika, watauliza: huyu wa Jumatano iko wapi? Watavua tena mashati."

"Hawatauliza," Kahambu alisema. "Nenda."

Saa nane kamili alikuwa ameketi mbele ya foni. Henri aliwasha, mluzi ukapita, sauti za watu wakiulizana bei ya samaki wa makopo. Alingoja nafasi.

"Kahirwe anaita Mpofi. Kahirwe anaita Mpofi. Munanipata?"

"Tano kwa tano, Kahirwe."

Akamgeukia Kahambu, kalamu mkononi. "Ujumbe?"

"Sema: Trésor, mwana wa Kahambu, wa Kahirwe, amefariki njiani jana jioni. Kidonda kilioza. Amezikwa. Musitayarishe kitanda."

Henri hakuandika. "Mama. Nani alikuletea habari?"

"Andika, Papa Henri."

"Njia ile hakuna mutu ametoka leo."

"Andika."

Aliweka kalamu chini. Halafu alisema polepole, kama anayemwonya mtoto asiguse sufuria: "Neno hili likitoka hapa halirudi. Butembo watalisikia."

"Mama yangu anasikilizaka saa hii?"

"Kila siku. Anakuja kwa duka ya kaka yangu, anakaa kwenye mufuko wa chumvi, anangojea jina lako."

Kahambu alifunga mkono wake juu ya kaunta. "Basi atalisikia. Sema."

Henri alisema. Mpofi wakajibu: "Poleni sana, Kahirwe. Pole kwa mama. Terminé." Na kabla hajazima, kutoka mbali, juu ya mluzi wa foni, sauti ya mwanamke ilianza kulia kwa Kinande. Mtu akaikata.

*

Saa kumi uwanja wake ulikuwa umejaa. Mkeka umetandikwa, Annonciata analia kuliko wote. Kahambu aliketi katikati, kitambaa kichwani, na hakumwambia hata mmoja ukweli. Papa Barthélemy alikuja kutoa pole. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hataki kumsumbua, lakini fomu lazima ifungwe: kituo kimepata tisini na mbili kwa mia, kiko tayari, walikosa alama kwa umeme na kwa uzio tu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi ya maoni ya mwakilishi wa wagonjwa. Akauacha karibu na goti lake pamoja na kalamu.

Marcellin alikuja mwisho, rejista kwapani. Alipiga magoti, machozi ya kweli machoni, akamwita vile parrain amwitavyo mama wa mtoto.

"Commère, mutoto wetu. Alikufia wapi? Nani alimuzika? Lazima niandike kwenye rejista."

"Kabla uandike," Kahambu alisema, sauti yake haitoki nje ya mkeka, "Merdi anaendelea aje na malaria yake?"

Marcellin aliinua uso.

"Malaria yake ilinichafulia kitenge. Nikuletee ukione?"

Mikono ya muuguzi ilishuka mapajani. Wanawake walikuwa wakiimba wimbo wa maombolezo, hakuna aliyesikia.

"Walikuja kwangu mwisho wa mwezi wa pili," alisema. "Waliniambia nisibadilishe kitu. Nisome tu kama siku zote, kazi ya kusikiliza ni yao. Nina watoto watano, Mama Trésor. Ningefanya nini?"

"Ungewasomea malaria na wao."

Marcellin akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Ulimushika kichwa kwenye maji ya ubatizo, Marcellin. Wakikuuliza, Trésor amekufa. Na wakiniuliza mimi, Merdi aliugua malaria. Umesikia? Toa rejista yako. Andika: amekufa."

Aliandika, magoti yake bado chini. Alipokwisha, aliinuka akapita kati ya waombolezaji, nao wakampisha kwa heshima, wakimpa pole ya mtoto wake wa ubatizo.

Kahambu alivuta ile fomu. Hakujua jinsi ofisi inavyopenda kuandikiwa. Aliandika kama alivyofundishwa darasa la sita, herufi moja moja.

MAMBO YA KUEPUKA

Kusoma jina la mgonjwa kwenye foni. Waambie kitanda kimoja, inatosha.

Kutaja mzazi wake, kidonda chake na njia yake kwa pumzi moja.

Karatasi ya ruhusa ya Kifaransa kwa mtu asiyejua Kifaransa.

Ruhusa inayosema "kila mwenye kuzihitaji".

Kupima kofuli la kabati na kuacha kinywa bila kukipima.

Kumshuku mtu kwa sababu ya ndoa ya dada yake.

Kumwekea mtoto wako sahihi kwa sababu tu anayekuomba ni mtu wa nyumbani.

Mama Trésor, na hili ni lako wewe, la moyoni, si la karatasi: usiende kwenye foni kuuliza kama mtoto amefika. Leo usiulize. Kesho usiulize. Hata mama yako akiita kutoka Butembo akilia, usimjibu.